Karatasi ya kambi inasema mwanangu hana mkono wa shotistopu: tuiamini?

"Mwanangu ana miaka 13 na anacheza besiboli tangu akiwa na miaka 8. Nafasi yake ni shotistopu, mlinzi anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Mwaka huu amehama kutoka uwanja mdogo wenye besi za umbali wa mita 18 hadi uwanja kamili wa wakubwa. Tulimpeleka kwenye kambi ya siku moja ya kupima vipaji akarudi na karatasi: mtupo wa kwenda besi ya kwanza kilomita 101 kwa saa, mbio za yadi 60 sekunde 8.4, alama ya mkono 35, na maneno haya chini yake: 'Hana mkono wa shotistopu, ahamie besi ya pili.' Takwimu za timu zinaonyesha amefanya makosa 5 katika mipira 46. Mwenzake wa umri uleule alitupa kilomita 121. Kocha mmoja ameshauri aanze mazoezi ya mipira mizito. Naomba kujua vipimo hivi vinaaminika kiasi gani, tufuate ushauri upi, na kama naweza kumpima mwenyewe. Wikendi huwa anasimama pia kama mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, na wiki hizi tatu nimemwona akishikashika kiwiko upande wa ndani baada ya mechi, ingawa anasema si kitu."

Ndugu mzazi, jambo zito kuliko yote umeliweka mwishoni, kwa hiyo nitaanzia huko na karatasi itasubiri.

Mtoto anayeshika kiwiko kwa ndani wiki tatu mfululizo asitupe mpira mpaka aonekane na daktari. Hata ile mitupo midogo ya kupasha moto, aiache. Upande wa ndani wa kiwiko kuna kifundo kidogo cha mfupa kinachoshikiliwa na misuli ya kigasha pamoja na kano inayozuia kiwiko kufunguka. Kwa umri wa mwanao, kifundo hicho bado hakijaungana na mfupa mkubwa. Katikati yao kuna gegedu ambako mfupa unaendelea kukua, na kila mtupo wa nguvu huivuta gegedu hiyo. Mtu mzima akizidisha, mara nyingi kinachochanika ni kano. Mtoto akizidisha, gegedu ndiyo inayotangulia kuumia kwa sababu ni dhaifu kuliko kano yenyewe. Ikiwahiwa, kwa kawaida dawa yake ni mapumziko. Ikipuuzwa, kifundo kinaweza kung'oka kutoka mahali pake, na hapo tunazungumza habari nyingine kabisa.

Muone daktari wa mifupa au wa michezo aliyezoea watoto. Usishangae akiagiza eksirei ya viwiko vyote viwili: kiwiko cha mtoto anayekua kina nafasi nyeusi ambazo ni za kawaida, na njia rahisi ya kujua lipi si la kawaida ni kulinganisha na mkono mwingine. Usingoje miadi ya wiki ijayo kama kiwiko kimevimba, kama hawezi kuunyoosha mkono wote, kama kinakwama katikati ya kukunja, kama vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi, au kama alisikia kitu kikilia "pwa" wakati wa kutupa. Na hilo la "si kitu" usilikubali. Mtoto wa miaka 13 anayeogopa kupoteza nafasi yake atasema si kitu huku machozi yanamlengalenga.

Kuna mwongozo uitwao Pitch Smart, uliotolewa na ligi kuu ya Marekani, MLB, kwa kushirikiana na USA Baseball. Kwa mrushaji wa miaka 13 na 14 unaweka kikomo cha mitupo 95 kwa siku moja, na akifikisha 66 au zaidi apumzike siku 4. Unataka pia mtoto akae angalau miezi 4 ya mwaka bila kurusha. Tatizo la shotistopu anayesimama pia kama mrushaji ni kwamba mwongozo unahesabu mitupo ya mrushaji tu. Ile mipira arobaini anayoitupa kwa nguvu kwenda besi ya kwanza katika mazoezi ya Jumatano haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote, ila kiwiko kinaihesabu. Nikiwa mimi, mwaka huu angeacha kazi moja, na ningeanza na ile ya mrushaji.

Sasa karatasi.

Alama ya 35 inatoka kwenye kipimo cha 20 hadi 80 wanachotumia maskauti, yaani watafuta vipaji, kipimo ambacho kwa kawaida huhusishwa na Branch Rickey, kiongozi wa timu za besiboli wa zamani. Humo 50 ni mchezaji wa wastani wa ligi kuu. Sisemi wastani wa watoto wa miaka 13, wala wa vijana wa sekondari. Nasema wanaume wazima wanaolipwa kucheza mchezo huo kila siku. Kwa mizani hiyo, mtoto wa miaka 13 aliyepewa 35 kwa mkono amesifiwa mno, au aliyeandika hakujua maana ya namba aliyokuwa anaiandika. Skauti makini akimwandika kijana huweka alama mbili, ya leo na ya kesho, na ile ya kesho huifikia kwa kukadiria mwili utakuaje: urefu wa mikono, upana wa mabega, wazazi walivyo, jinsi mkono unavyozunguka. Karatasi yako ina alama moja na haisemi ni ya lini. Hiyo peke yake ingenifanya niikunje niiweke droo ya chini.

Namba nyingine mbili ni za kweli kwa maana kwamba kuna chombo kilizisoma. Swali ni chombo kilisoma nini. Rada ya mkononi huona ile sehemu tu ya mwendo wa mpira inayoelekea kwake. Aliyeishika akisimama pembeni kwa nyuzi 20 kutoka kwenye njia ya mpira, rada itasoma pungufu kwa asilimia 6 hivi: 101 yako inaweza kuwa 107. Halafu uliza walitupaje. Kambi nyingine humwacha mtoto apige hatua tatu za kujirusha mbele kabla ya kutupa, nyingine humtaka adake mpira kwanza. Hivyo ni vipimo viwili tofauti, na kuviweka kwenye safu moja ni kujidanganya. Mbio nazo ni vilevile. Kwenye riadha, muda wa mbio fupi uliochukuliwa kwa saa ya mkononi huongezewa sekunde 0.24 ili ulinganishwe na wa umeme, kwa sababu kidole cha binadamu huchelewa kumuona mtu akiondoka. Kwa hiyo 8.4 ya mkono si 8.4 ya umeme. Tena yadi 60 ni karibu mita 55, mbio ambazo shotistopu hazikimbii akiwa anadaka. Kazi yake ni mita tano upande huu, mita nane upande ule. Wangempima mita 10 za kwanza tu, ningesoma kwa hamu zaidi.

Tumfikie yule mwenzake wa kilomita 121, maana nahisi ndiye anayekunyima usingizi. Wavulana hurefuka kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote wakiwa na miaka 13 na nusu hadi 14 hivi kwa wastani, lakini wastani huo unaficha mengi. Wavulana wawili waliozaliwa mwezi mmoja wanaweza kupishana miaka kadhaa kwa ukomavu wa mifupa. Aliyetangulia kubalehe ana misuli, ana mikono mirefu, ana uzito wa kusukuma mpira. Aliyechelewa ana kiwiko kilekile cha mtoto. Rada ya siku hiyo ilipima kwa sehemu kubwa nani ametangulia. Angalia pia mwezi wa kuzaliwa. Kwa miaka mingi besiboli ya watoto Marekani ilitumia mwisho wa Julai kama kikomo cha umri, kwa hiyo aliyezaliwa Agosti alikuwa mkubwa kuliko wote katika kundi lake na aliyezaliwa Julai alikuwa mdogo kuliko wote. Matokeo yake yalionekana hadi ligi kuu: wazaliwa wa Marekani wa mwezi wa Agosti walikuwa wengi kwa wazi kuliko wa Julai. Hakuna mwezi unaozaa wachezaji bora. Kilichokuwepo ni makocha waliomwona mkubwa akiwa na miaka 9, wakampa nafasi, mazoezi na mechi nyingi, na tofauti ndogo ya kuzaliwa ikageuka tofauti ya kweli ya ujuzi.

Usinielewe vibaya: simaanishi kwamba mwanao lazima atamkuta mwenzake. Wengine waliotangulia hubaki mbele. Wazazi wa watoto wadogo wa umbo hupenda kumtaja José Altuve, na kisa chake ni cha kweli: alienda majaribio ya timu ya Houston Astros nchini Venezuela, akarudishwa nyumbani kwa ufupi wake, akarudi tena, na mwaka 2007 akasajiliwa kwa dola 15,000. Mwaka 2017 akawa mchezaji bora wa Ligi ya Marekani, moja ya ligi mbili zinazounda MLB, akiwa na urefu wa mita 1.68 hivi. Ila Altuve anakumbukwa kwa sababu ni nadra. Anachothibitisha ni kwamba wapimaji hukosea, hasa wakipima umbo. Hathibitishi kwamba kila aliyekataliwa ana Altuve ndani yake.

Hapa ndipo karatasi inaponikera kweli, maana imepima vipande ikasahau kazi. Kazi ya shotistopu kwenye mpira wa chini ni mashindano kati ya mpira na mkimbiaji, yaani mpigaji anayekimbilia besi ya kwanza, na saa inaanza pale gongo linapougusa mpira. Mpira husafiri hadi kwenye glavu. Kisha unatoka kwenye glavu, unaingia mkononi, miguu inajipanga, mkono unauachia. Kisha unaruka hadi besi ya kwanza. Mkimbiaji yeye hana vipande. Anakimbia tu mita zake 27. Katika ligi kuu mpigaji wa mkono wa kulia wa wastani hufika kwa sekunde 4.3 hivi, na maskauti wengi huwa na namba hiyo kichwani wanapomtazama shotistopu: je, vipande vyake vitatu vikijumlishwa vinamalizika kabla ya hapo?

Tufanye hesabu ya mwanao. Mtupo kutoka nafasi yake hadi besi ya kwanza ni kama mita 36. Tukiuacha upinzani wa hewa pembeni, kwa kilomita 101 mpira unachukua sekunde 1.28, na kwa kilomita 121 unachukua 1.07. Mwenzake amemzidi sekunde 0.21. Mkimbiaji wa umri wao anayefika besi kwa sekunde 4.9 hukata zaidi ya mita moja katika muda huo. Sikufichi, ni faida kubwa. Mita moja ndiyo tofauti ya mkimbiaji kutolewa na kusalimika.

Lakini tazama faida hiyo inavyoweza kuliwa. Chukua mpira unaobiringika kwa mita 12 kwa sekunde. Mtoto mmoja anausubiri pale aliposimama. Mwingine anausogelea mita 2. Aliyeusogelea ameudaka sekunde 0.17 mapema, na kwa kuwa amekuja mbele, mtupo wake umefupika kama mita moja, kwa hiyo ameokoa karibu sekunde 0.2. Hatua mbili za kuufuata mpira zimelipa deni lote la kilomita 20 kwa saa. Na hapo sijagusa kile kipande cha katikati, kutoka glavuni hadi mkononi, ambacho kwa watoto ndicho kinachotofautiana kuliko vyote: mmoja anaudaka mguu wa kushoto tayari uko mbele, mikono inakutana kifuani, mpira umeondoka. Mwingine anaudaka kwa visigino, anautafuta mpira ndani ya glavu, anaruka hatua mbili za kujipanga, ndipo anatupa kilomita 121 nzuri sana kwa mkimbiaji aliyekwisha fika. Rada haikuona hata kimoja.

Wakubwa wenyewe wamefika hapo. Mfumo wa kamera wa Statcast umekuwa kwenye viwanja vyote vya MLB tangu 2015, na kipimo chake cha walinzi wa ndani, wale wanaocheza karibu na besi, kilichoanza kutolewa 2020, kinauliza mambo haya: mlinzi alikuwa na umbali gani kuufikia mpira, alikuwa na muda gani, alikuwa mbali kiasi gani na besi anayoiendea mkimbiaji, na mkimbiaji mwenyewe ana mbio kiasi gani. Ni mashindano yaleyale. Kasi ya mkono imo, ila imejificha ndani ya jibu.

Yale makosa 5 katika mipira 46 ni asilimia 89 ya udakaji safi. Angefanya makosa 3, ingekuwa 93 na usingeniandikia habari zake. Tofauti ni mipira miwili, na mpira mmoja ukigonga kijiwe mbele ya glavu umeshamaliza nusu ya tofauti hiyo. Tena kosa huandikwa kwa mlinzi aliyeufikia mpira. Asiyeufikia hana kosa. Mpira unapita, mpigaji anapewa pigo safi, na mlinzi mzito anabaki na takwimu zinazong'aa. Derek Jeter alifanya makosa 56 katika msimu mmoja wa ligi za chini mwaka 1993, akiwa na timu ya Greensboro na umri wa miaka 19. Mwaka 1996 alikuwa shotistopu wa New York Yankees na mchezaji chipukizi bora wa ligi yake. (Vipimo vya kisasa havimsifii sana kwa ulinzi licha ya tuzo zake tano za Glavu ya Dhahabu, tuzo ya walinzi bora, kwa hiyo mabishano juu yake hayajaisha, lakini makosa 56 hayakuwa hukumu.) Kumbuka pia mwanao ametoka uwanja ambao mtupo wake ulikuwa kama mita 24 akaingia uwanja wa mita 36. Umbali umeongezeka kwa nusu ndani ya msimu mmoja. Mpira uleule uliokuwa unafika kifuani kwa mwenzake sasa unafika kwenye vifundo vya miguu. Ninachotaka kujua ni makosa hayo yalikuwa ya aina gani: ya kudaka au ya kutupa, na yalipungua au yaliongezeka kuelekea mwisho wa msimu. Karatasi ya timu haisemi, lakini wewe ulikuwa uwanjani, bila shaka unakumbuka.

Mipira mizito: hapana. Hata kiwiko kingekuwa kizima, ningesema hapana kwa umri huu. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa warushaji wa miaka 13 hadi 18 waliofanya programu ya wiki 6. Waliotumia mipira mizito waliongeza kasi kwa takriban asilimia 3 kuliko walivyoanza, na karibu robo yao waliumia, ama wakati wa programu ama msimu uliofuata. Kwenye kundi lililofanya mazoezi ya kawaida hakuumia hata mmoja. Lilikuwa kundi dogo, na sitaki kulibebesha zaidi ya linavyoweza. Ila fanya hesabu: asilimia 3 ya 101 ni kilomita 3. Kwenye mtupo wa mita 36 hiyo ni chini ya sekunde 0.04, muda ambao mkimbiaji wa umri wake anakata kama shibiri moja. Shibiri moja kwa kuhatarisha gegedu ya kiwiko ambacho tayari kinauma. Na mwili wenyewe unakaribia kumpa kasi zaidi ya hiyo bure. Kama anataka kufanya kitu kwa ajili ya mkono, afanye kwa miguu, kiuno na mgongo, kwa uzito wa mwili wake na chini ya mtu anayejua kufundisha watoto.

Je, ahamie besi ya pili? Hili linahitaji jibu la pande mbili. Walioandika ile sentensi wamelichukulia kama kushushwa cheo, na si kweli. Mtupo wa besi ya pili ni mfupi, sawa, lakini kwenye mchezo wa kuwatoa wawili kwa mpigo anapokea mpira mara nyingi mkimbiaji akimjia bila yeye kumtazama, anageuza mwili, anatupa huku anakwepa. Inataka mikono ya haraka kuliko nafasi nyingine yoyote ya ndani. Mtoto mwenye mkono wa wastani na mikono myepesi anaweza kung'aa pale. Kwa upande mwingine, shotistopu ndipo mipira inapokuja mingi na migumu, na akiondolewa sasa atakosa mamia ya mipira ya kujifunzia katika miaka ambayo anajifunza upesi. Walinzi wengi wa besi ya pili wa ligi kuu walikua wakicheza shotistopu, wakahamishwa walipokuwa vijana wakubwa au watu wazima, wakati miili yao ilikwisha sema neno lake. Ningependa mwanao acheze zote mbili msimu huu, kiwiko kikishapona, na karatasi isiwe sababu. Kama kocha wa timu anamhitaji besi ya pili kwa kuwa kuna mkubwa mwenye mkono zaidi, sababu hiyo naiheshimu. Inawezekana pia akifika miaka 17 isiwe nafasi yake tena. Hilo hakuna anayeweza kulijua leo, awe kambi, mimi au wewe.

Kumpima nyumbani kunawezekana, tena kwa usahihi kuliko ile saa ya kidole. Ngoja daktari aruhusu kutupa kwanza. Simamisha simu kwenye kitu kisichotikisika, pembeni, mahali inapomuona yeye na mlinzi wa besi ya kwanza kwa pamoja. Rekodi picha 60 kwa sekunde. Simu nyingi zinaweza. Kila picha basi ni sekunde 0.017, na hakuna kidole kinachochelewa. Mtu ampigie mipira 20: mitano ya kumjia, mitano upande wa glavu, mitano upande wa pili ambako lazima aigeuze glavu, mitano ya polepole anayopaswa kuikimbilia. Asitupe yote 20 kwa nguvu. Mipira kumi inatosha kutupa, na mingine aishie kwenye mwendo wa kutaka kutupa. Kisha kaa ukahesabu picha tangu mpira unapogusa glavu hadi unapoachia vidole. Zigawe kwa 60. Andika namba ya katikati ya orodha, usiandike ile bora, kwa sababu ile bora ndiyo kambi huandika na ndiyo isiyotokea kwenye mechi. Andika pia mitupo mingapi mlinzi wa besi ya kwanza aliipokea bila kuuondoa mguu kwenye besi. Rudia baada ya wiki 8, uwanja uleule, mpigaji yuleyule. Namba ya siku moja usiishughulikie, angalia inakoelekea.

Kwenye video hiyohiyo tazama mambo mawili ambayo skauti hutazama kabla hata mpira haujapigwa. Mrushaji anapouachia mpira, miguu ya mwanao inafanya nini? Mlinzi mzuri hupiga kamruko kadogo, miguu ikitua pale mpira unapofika kwa mpigaji, uzito ukiwa mbele ya nyayo. Aliyesimama wima mikono magotini amechelewa tayari, na mbio zozote za yadi 60 hazitamrudishia. La pili ni macho na saa ya kichwani. Mpira unapigwa na mkimbiaji mzito: anatulia, anajipanga, anatupa salama? Mpira uleule, mkimbiaji mwepesi: anaharakisha? Mtoto anayebadilisha mwendo wake kulingana na mkimbiaji anauelewa mchezo, na kwa maoni yangu hicho ndicho kitu kimoja cha umri huu kinachostahili kuitwa kipaji bila woga.

Mpime urefu pia kila baada ya miezi mitatu, ukutani, bila viatu. Mvulana akiwa kwenye kilele cha kurefuka huongeza sentimita 9 au 10 kwa mwaka. Ukiona 2 na zaidi kwa robo mwaka, tarajia miguu iliyokuwa myepesi igongane, na mikono iliyokuwa laini iangushe mipira. Ni mwili unaozoea urefu mpya. Ndio pia wakati ambapo magoti, visigino na viwiko huuma kirahisi, kwa hiyo punguza mitupo badala ya kuongeza mazoezi ya kurekebisha "makosa".

Ukitaka jicho la mtu, na wakati fulani utalihitaji, mtafute kocha wa walinzi wa ndani au skauti atakayekubali kukaa mechi tatu nzima. Siku moja ya kambi yenye watoto foleni haimpi mtu nafasi ya kuona zaidi ya mitupo michache. Kabla ya kumsikiliza, muulize alimwona mwanao akidaka mipira mingapi, ni kwa kulinganisha na nani alimpa alama, na ni alama ya leo au ya kesho. Anayejua kazi yake atajibu bila kuudhika. Mpelekee tarehe ya kuzaliwa, ile orodha ya urefu, na video za mechi zisizokatwakatwa, makosa yakiwemo. Daktari akiwa bado hajaruhusu mkono, video za msimu uliopita zinatosha kwa kuanzia.